Mgonjwa wa Pili wa Nguu Tatu

Kazi yangu ni kutafuta kasoro. Nakaa kwenye meza ndefu katika kiwanda kimoja cha nguo huko Changamwe, chini ya taa nyeupe, na suruali zinapita mbele yangu moja baada ya nyingine. Naigeuza kila moja ndani nje, navuta mshono, nakagua zipu na vifungo. Uzi ukiwa umeruka, nabandika karatasi nyekundu na suruali inarudi ilikotoka. Nimeifanya kazi hii miaka kumi na tisa na imeniharibu kabisa. Siwezi kusalimiana na mtu bila kuona kwamba kola yake imekaa upande. Hata kanisani, mhubiri akiinua mikono kutubariki, mimi naangalia mshono wa kwapani.

Marehemu mume wangu alikuwa akinitania kwamba siku ya kiyama nitamrudisha malaika akashonwe upya. Alikuwa mtu wa kelele, mume wangu. Alipiga mluzi akioga, alibishana na redio, alimsalimia jirani kupitia dirishani kana kwamba jirani yuko ng'ambo ya mto. Alifariki miaka mitatu kabla ya haya ninayoyasimulia. Watoto hatukujaliwa. Vyumba vyetu viwili vya kupanga pale Frere Town vilinyamaza siku moja tu, na mimi nikabaki humo na masufuria makubwa kuliko tumbo langu.

Wiki za mwanzo watu walikuja. Walikuja akina mama wa kanisa, wakaja majirani, wakaja wenzangu wa kiwandani. Dada yangu mkubwa, ambaye ameolewa Likoni, alivuka feri kila Jumapili akiwa amebeba hotipoti ya wali, akapanda magari mawili mpaka mlangoni kwangu. Halafu wote wakakoma. Hivyo ndivyo nilivyozoea kulieleza jambo lenyewe: wakakoma. Nilimweleza hivyo daktari alipokuwa akinipima presha, na nilijieleza hivyo mwenyewe kila jioni nikifungua kufuli. Watu ni wepesi wa kusahau, nilisema, na nilisema kwa uchungu hasa.

Daktari ndiye aliyeniambia nitembee. Nikajaribu, lakini kutembea kuna maneno mengi. Ukitembea, watu wanakusalimia, wanakuuliza watoka wapi na waenda wapi. Ukikimbia wanakupisha. Basi nikawa nakimbia. Alfajiri nilitoka Frere Town mpaka Mkomani na kurudi, mwanamke wa miaka hamsini na nne, suruali ya michezo chini na leso kiunoni juu yake kwa ajili ya heshima. Vibarua waliokuwa wakingoja lori la kazi waliniuliza nakimbizwa na nani. Sikuwajibu. Mwaka wa pili lami ilianza kuniumiza magoti, nikahamia kwenye vilima vya Nguu Tatu, kule nyuma ya Kisauni, ambako njia ni za udongo na mawe na hakuna wa kukuuliza chochote.

Huko ndiko nilikokutana na kikundi kimoja cha wakimbiaji, nikajiunga nacho. Walikuwa watu kumi na wanane wanaokimbia porini kila Jumamosi, wengi wao watu wa bara waliokuja kufanya kazi bandarini na maofisini, na wote vijana kwangu mimi. Kiongozi wao tulimwita Kapteni. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mwenye sauti ya kuamrisha, anayefanya kazi katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Siku ya kwanza tu aliniita shangazi. Nilichukia. Siku ya tatu nilijikuta nageuka kila ninaposikia neno hilo sokoni, hata likiwa si langu.

Kapteni alikuwa na desturi moja iliyonichekesha. Hakuhesabu watu. Kwao, alisema, watu hawahesabiwi, wanaohesabiwa ni mbuzi, na ukiwahesabu watu kwa kidole unamwonyesha Shetani idadi. Lakini porini lazima ujue nani amerudi na nani bado. Kwa hiyo alihesabu chupa. Kila mkimbiaji aliweka chupa yake ya maji kwenye ukingo wa tangi la zege lililopo chini ya kilima, zote zikae mstari mmoja. Ukirudi, unachukua chupa yako. Chupa ikibaki, kuna mtu bado yuko juu, na hakuna anayeondoka. Mstari ukiwa mtupu, wote wamerudi, twende nyumbani. Kwa mwaka mzima njia hiyo haikuwahi kumpoteza mtu hata mmoja. Mimi mkaguzi niliitafuta kasoro yake na sikuiona.

Mwaka huo walitaka kwenda kukimbia mbio za msituni huko Kwale, na waandaaji walisema hakuna kikundi kitakachoingia msituni bila kufunzwa huduma ya kwanza. Sababu yao ilieleweka. Mtu akivunjika mguu ndani kule, gari haliingii, simu haishiki, na hospitali yako ya kwanza ni mwenzako anayekimbia nyuma yako. Nilipolisikia hilo nilijiuliza nani hukimbia nyuma yangu. Mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho siku zote.

Mwalimu wa mafunzo alikuwa muuguzi mstaafu, mtu wa Mombasa wa asili, kanzu ya kijivu, kofia safi, maneno yake yakitoka polepole kana kwamba kila moja amelipiga pasi. Hata mimi sikuona kasoro kwenye kofia ile. Mafunzo yalikuwa Jumamosi mbili. Ya kwanza ilikuwa kwenye ukumbi wa kukodi Kisauni.

"Mtu ameanguka kutoka juu ya jiwe," alituuliza. "Mwamfanyaje?"

"Tunamwinua!" tukajibu wote kwa furaha.

"Ahaa. Mwamwinua. Halafu?"

"Tunampa maji!"

"Na mguu umevimba?"

"Tunauchua!"

Alitutazama kwa huruma. "Basi wallahi mshamuua mara tatu," akasema. Akatufundisha kutomgusa mtu shingo kabla ya kujua alivyoanguka, kutomtia maji kinywani aliyezimia, na kuuacha mguu uliovunjika ukae ulivyo mpaka ufungiwe vijiti vya kuushikilia. Alitumia leso kwa kila kitu. Leso ilifunga mkono, leso ilizuia damu, leso mbili na fito mbili zikawa machela. Nikafikiria leso zote zilizojaa kwenye kasha langu bila kazi.

Jambo alilolirudia zaidi lilikuwa hili: mkifika pahali palipo na majeruhi wengi, msimkimbilie anayepiga kelele. Anayepiga kelele anapumua. Mwendeeni kwanza aliyenyamaza. Tuliandika kwenye madaftari yetu. Mimi nililipigia mstari.

Baadaye tulitakiwa kukaa wawili wawili tufanye mazoezi ya kumkagua mgonjwa. Tulikuwa kumi na tisa pamoja nami. Waligawana haraka, mtu na rafiki yake, mtu na mwenzake wa ofisini, na mimi nikabaki nimesimama katikati ya ukumbi nikijifanya nafunga kamba ya kiatu. Mwalimu akaona. Akasema vizuri, mama huyu atakuwa mgonjwa wa kuonyeshea, lala hapa. Nikalala juu ya mkeka, na Kapteni akaitwa anikague mbele ya wote.

Alianza kichwani. Vidole vyake vilipita kwenye nywele zangu, vikashuka nyuma ya shingo, vikabonyeza mabega, vikapita kwenye mbavu, moja moja, mpaka kwenye vifundo vya miguu. Alikuwa akisema kwa sauti anachokifanya, kama tulivyofunzwa. Mimi nilikuwa nikiangalia feni ya darini. Hakuna aliyekuwa amenigusa tangu siku ya mazishi, isipokuwa daktari kwa ule mpira wake wa presha, na sikuwa nimelijua hilo mpaka wakati ule. Nilibana pumzi nisilie.

"Pumua, shangazi," Kapteni alisema. "Mgonjwa wetu anapumua."

Wakacheka, nami nikacheka nao. Usiku wa siku ile nililala vizuri, na wiki nzima iliyofuata, nikikagua suruali zangu, nilikuwa nikiingoja Jumamosi ya pili. Naona haya kuliandika hilo lakini ndivyo ilivyokuwa.

Jumamosi ya pili ilikuwa Nguu Tatu kwenyewe. Mwalimu alipanga zoezi la kutafuta majeruhi porini. Majeruhi walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa dereva mmoja wa lori la bandarini, mwanamume mnene wa kikundi chetu, aliyepewa kazi ya kuvunjika mguu na kulia. Wa pili alikuwa mimi, kwa kuwa nilikuwa nimezoea kazi hiyo. Mimi nilipewa kuzimia.

"Usijibu," Mwalimu aliniambia. "Hata wakikuita namna gani, wewe umezimia, husikii. Ndiyo mtihani wao huo."

Wenzetu waligawanywa makundi mawili, kila kundi limtafute mgonjwa mmoja, limhudumie, limbebe mpaka chini. Kabla ya kwenda kujificha nilitazama jua. Ilikuwa saa nne na tayari mawe yalikuwa yakiunguza. Amri ya Kapteni ilikuwa kwamba chupa haitolewi kwenye mstari mpaka umemaliza na umerudi. Lakini mimi ni mtu mzima mwenye presha, sikuona sababu ya kulala juani saa nzima bila maji kwa sababu ya ushirikina wa watu wa bara. Nikaichukua chupa yangu, nikaificha ndani ya leso, nikapanda. Hakuna aliyeniona.

Nilijificha vizuri mno. Kuna timbo la zamani upande wa kaskazini wa kilima, pale walipokuwa wakichimba mawe ya kujengea, na pembezoni mwake kichaka kimefunika shimo la kina cha kifua. Niliteremka humo, nikajilaza ubavu kama mtu aliyeteleza kutoka juu, mkono mmoja chini ya mwili, macho nimeyafumba nusu. Nikajipongeza. Kazi safi, haina kasoro.

Mwanzo nilisikia filimbi na vishindo vya miguu. Halafu nikamsikia dereva akianza kulia upande wa pili wa kilima. Alilia kweli kweli. Alimwita mama yake, akamwita mke wake, akawaita na wanasiasa. Vishindo vyote vikageukia kule. Nikasikia kelele, vicheko, mtu akiamrisha "Shika kichwa! Shika kichwa!" Halafu sauti zikateremka pamoja naye, zikapungua, zikaisha.

Nikangoja kundi la pili. Majimoto, wale siafu wekundu wa mitini, walikuwa wamegundua kiwiko changu, na mtu aliyezimia hajikuni. Nilivumilia kwa ajili ya kazi. Jua likahama kutoka mgongoni likaja usoni. Nilikunywa maji kidogo, nikairudisha chupa kwenye leso, nikazimia tena. Kutoka chini upepo uliniletea sauti za watu wakila. Nilisikia vijiko. Nilimsikia dereva, aliyevunjika mguu, akicheka kwa sauti ya mtu mwenye miguu yote miwili.

Hapo ndipo nilipoelewa. Makundi yote mawili yalikwenda kwa anayelia. Kila kundi lilidhani lile jingine limekwisha kunipata. Na Kapteni, alipotaka kuhakikisha, alitazama ukingo wa tangi. Mstari ulikuwa mtupu, kwa sababu chupa ya kumi na tisa ilikuwa kwapani kwangu.

Nilicheka peke yangu ndani ya lile shimo. Halafu kicheko kikaniishia na nikakasirika, nikakasirika kuliko nilivyowahi kukasirika tangu nizaliwe. Chupa ni chupa. Hakuna hata mmoja kati ya watu kumi na wanane aliyemegua chapati akajiuliza yule mama yuko wapi? Hakuna aliyesema mbona sijamsikia shangazi? Ningeweza kuinuka. Kutoka pale mpaka kwenye tangi ni mwendo wa dakika saba, nimeupima mara nyingi. Ningeteremka, ningepigiwa makofi, ningepewa chapati, yangekuwa maneno ya kuchekea mwaka mzima. Badala yake nilijilaza tena vilevile, ubavu, mkono chini ya mwili. Nikasema nitaona. Wakija kunitafuta kabla ya jua kushuka, basi mimi ni mtu na ninaye wa kuniulizia. Wasipokuja, nitateremka kwa upande wa pili wa kilima, nitakwenda zangu nyumbani na hawataniona tena, wala wao wala mtu mwingine. Nililiamua hilo nikiwa na akili zangu timamu, uso ukiwa umejaa vumbi.

Mwalimu alikuwa ameteremka msikitini kwa sala ya adhuhuri na kumwachia Kapteni amalize zoezi. Haya niliyajua baadaye. Alirudi yapata saa saba u nusu, akawakuta wanafunga vyombo, akaketi, akawauliza kwa upole wake, "Na yule aliyenyamaza, mlimhudumia vipi?" Wakatazamana. Wa kundi la kwanza wakawatazama wa kundi la pili. Waliniambia kwamba dereva ndiye aliyekuwa wa kwanza kutupa sahani.

Mimi nilisikia filimbi tu. Ilipigwa mara tatu, ikapigwa tena mara tatu, na safari hii haikuwa ya mazoezi, hilo hata mtoto angelisikia. Kisha zikaja sauti, nyingi kwa pamoja, zikipanda kilima kwa mbio.

"Shangazi! Shangazi eee!"

Moyo ulinipiga kwa furaha, na sikujibu.

Nitasema ukweli wake. Mwanzo nilijiambia naitii amri ya Mwalimu, aliyezimia haitiki. Huo ulikuwa uongo na nilijua ni uongo. Sikujibu kwa sababu ilikuwa tamu. Watu kumi na wanane walikuwa wakiliita jina langu, hata kama si jina langu hasa, na nilitaka waendelee. Nilitaka waogope kidogo. Dereva alipita juu ya timbo akihema, akilia kwa kweli sasa, akisema Mungu wangu tumemuua mama wa watu. Nikamwacha apite. Mtu mwingine alisema labda nyoka. Mwingine akasema labda presha, shangazi ana presha. Kumbe walijua nina presha. Sikuwahi kumwambia yeyote, au labda niliwahi kumwambia mmoja, na wote wakaliweka moyoni.

Kapteni alikuja mwisho, peke yake. Alisimama ukingoni mwa kile kichaka, karibu kiasi kwamba niliona viatu vyake kupitia majani, vumbi jekundu mpaka kwenye soksi. Sauti ya kuamrisha ilikuwa imemwisha. "Shangazi," alisema polepole, kama mtu anayebisha mlango na anajua mwenyewe yumo ndani. "Shangazi, ni mimi. Niitikie basi."

Nikakaa kimya. Na katika ule ukimya nikajitambua, kwa sababu niliwahi kukaa hivyo hivyo.

Nilikuwa nimeketi sakafuni, Frere Town, mgongo ukiwa ukutani ili nisionekane dirishani. Akina mama wa kanisa walikuwa nje. Walibisha, wakaita, wakaimba ubeti mmoja, wakangoja, wakaacha ndizi kizingitini, wakaondoka. Wiki iliyofuata wakaja tena, nami nikaketi pale pale. Walikuja mara nane. Dada yangu alisimama mlangoni na hotipoti yake Jumapili tano, nami nikiwa ndani nikiuangalia mlango, nikingoja achoke. Alisema maneno yale yale. Ni mimi. Niitikie basi. Baada ya hapo alipiga simu, nami nikaitazama simu ikilia juu ya meza mpaka ikanyamaza. Ilinyamaza mara nyingi, mpaka siku moja haikulia tena.

Watu hawakukoma. Niliwakomesha. Miaka mitatu nilikuwa nikiwabandikia wenzangu karatasi nyekundu, na mshono ulioruka ulikuwa wangu.

Viatu vya Kapteni viligeuka. Alikuwa anaondoka.

"Abee," nikasema.

Haikutoka vizuri. Nikasema tena, kwa sauti, kama nilivyofunzwa utotoni kumwitikia mtu anayekuita. "Abee! Niko hapa."

Aliingia kichakani kama gari. Hakuangalia miiba. Alipiga magoti ndani ya shimo, akashika kichwa changu kwa mikono miwili, akaniambia nisisogee, na akaanza kunikagua kutoka juu, nywele, shingo, mabega, mbavu. Wengine walifika, wakasimama juu ukingoni, wengine wakilia, wengine wakimshukuru Mungu. Mikono ile niliyoingoja wiki nzima ilikuwa juu yangu, na sikuweza kuifurahia hata kidogo.

"Ulianguka?" aliuliza.

"La."

"Ulizimia?"

"La."

Aliiona chupa. Aliitazama, akaitazama tena, nikaona akiifanya hesabu yake. Kisha akaniuliza lile nililokuwa nikiliogopa. "Ulitusikia?"

Ningeweza kusema uongo. Mtu mzima aliyekaa juani saa tatu u nusu, nani angembishia? "Niliwasikia tangu mwanzo," nikasema.

Aliondoa mikono. Alisimama, akakung'uta magoti yake, la kushoto lilikuwa linatoka damu. "Sisi tulidhani umekufa," alisema. Akapanda kutoka shimoni, akashuka kilima bila kutazama nyuma, na wengine wakamfuata mmoja mmoja. Hakuna aliyenitukana. Ningefurahi wangenitukana.

Aliyebaki ni Mwalimu. Alikuwa amekaa juu ya jiwe, kanzu ameikunja isiguse vumbi, akinisubiri nijitoe mwenyewe. Nilipofika juu nilimwambia shikamoo, kwa kuwa sikuwa na neno jingine.

"Marahaba, mama." Alikitazama kiwiko changu kilichoumwa. "Mtu akinyamaza kwa kuumwa, mie namjua la kumfanyia. Akinyamaza kwa kutaka, wallahi, mie sina dawa yake. Hiyo anayo mwenyewe." Akanyanyuka. "Haya, twende. Tia mguu taratibu, hapa pana utelezi."

Tuliteremka pamoja, yeye mbele. Katika gari la kikundi la kuturudisha nyumbani nilikaa kiti cha nyuma na hakuna aliyekaa kando yangu, na ilikuwa haki. Kapteni alikuja kunisemesha tena baada ya mwezi, na ni habari nyingine hiyo.

Niliingia nyumbani saa kumi na moja jioni. Sikuoga. Nilikaa kwenye kiti cha mume wangu, nikiwa na majani kichwani na kiwiko kilichoumwa na wadudu, nikaitafuta namba ya dada. Ilikuwa bado imo. Kutoka kwangu mpaka kwake ni magari mawili na bahari ndogo ya kuvuka kwa dakika chache, na sikuwa nimevuka miaka mitatu. Nikapiga. Ililia mpaka ikakatika. Nikaitazama. Nikapiga tena, ikalia mpaka karibu kukatika, na ikapokewa.

"Haloo, nani mwenzangu?"

Sauti ilikuwa ile ile, ila ya mtu anayezungumza na mgeni. Alikuwa ameifuta namba yangu.

"Ni mimi," nikasema.

"Wewe nani?"

"Mdogo wako. Wa Frere Town."

Nilisikia kitu kikiwekwa chini, sufuria au mwiko. Nilimsikia akipumua. Alipozungumza alikuwa amepunguza sauti. "Nani amekufa?"

"Hakuna, dada. Hakuna aliyekufa. Ni mimi tu nimepiga."

Kisha akaanza kunigombeza. Alianzia kwenye Jumapili ya kwanza, akaitaja mboga aliyokuwa ameibeba siku ile, akaitaja mvua, akamtaja kondakta aliyemuuliza mbona mama unarudi na chakula. Alisema nilikuwa ndani, alijua nilikuwa ndani, aliiona kandambili yangu mlangoni. Alisema alilia kwenye feri mbele za watu. Aligomba kwa Kiswahili, akagomba kwa kilugha chetu cha kwetu Kaloleni, akarudi kwenye Kiswahili. Sikuona kasoro hata moja katika aliyoyasema. Kila aliponyamaza kuvuta pumzi aliniuliza, "Wanisikia?"

"Abee, dada," nikamwambia. "Nakusikia."

Akaendelea. Jua lilikuwa limefika kwenye ukuta wa jikoni na nilikuwa na kiu kali, lakini chupa niliisahau garini na bomba liko nje. Sikuinuka. Nilimwacha amalize.